Wanafunzi wa Miundo ya Chuma: Historia ya Uanagenzi na Tasnifu

Usanifu wa miundo ya chuma hufanyika ofisini na karakanani kwa pamoja. Mhandisi hukadiria nguvu zitakazopita katika boriti, nguzo na kenchi, kisha huamua unene wa kila kipande. Kukikata kipande hicho, kukitoboa, kukichomelea na kukipandisha mahali pake ni kazi ya watu wengine, na jengo likiharibika, mara nyingi huharibikia kwenye viungo, hesabu ya ofisini inapokabidhiwa kwa mkono wa fundi. Kwa sababu hiyo walimu na waajiri wamebishana kwa muda mrefu kuhusu mahali pa kumlelea mhandisi kijana. Mafunzo kwa vitendo na tasnifu ya mwisho wa masomo, ambavyo leo huandikwa pamoja katika mtaala mmoja, vilitoka katika kambi mbili zilizokuwa zikidharauliana.

Kambi ya kwanza ilikuwa Uingereza. Katika karne ya 19 kijana wa Kiingereza aliyetaka uhandisi kwa kawaida hakwenda chuoni. Baba yake alimlipa mhandisi mashuhuri ada, mara nyingi pauni mia kadhaa, naye kijana akakaa katika ofisi ya michoro kwa miaka kadhaa kama mwanagenzi, akinakili ramani, akipima ardhi na kuzunguka karakana. Benjamin Baker, aliyezaliwa mwaka 1840, aliingia katika kiwanda cha chuma cha Neath Abbey huko Wales akiwa na umri wa miaka 16, wala hakusomea shahada yoyote. Hata hivyo ndiye aliyesanifu, pamoja na John Fowler, daraja la reli la Forth. Mfumo huu ulitoa watu wenye macho makali, lakini elimu yao ilitegemea ukarimu wa bwana. Wako waliofunzwa, na wako walioachwa miaka mitatu wakichora mistari ya watu wengine, ilhali ada ilikuwa ileile.

Upande wa pili wa bahari, Ufaransa, Uswisi na nchi za Wajerumani zilitanguliza darasa. Carl Culmann alitumwa na serikali ya Bavaria kuyatazama madaraja ya Uingereza na Marekani kati ya 1849 na 1851, akarudi na maarifa mengi kuhusu kenchi, na tangu 1855 akafundisha katika chuo cha ufundi cha Zurich kilichofunguliwa mwaka huohuo. Alibuni njia ya kutafuta nguvu za ndani ya muundo kwa kuchora badala ya kukokotoa: kila nguvu ni mstari, urefu wa mstari ni ukubwa wa nguvu, na mchoro usipojifunga, hesabu ina kosa. Kitabu chake kuhusu njia hiyo kilitoka mwaka 1866. Miongoni mwa wanafunzi wake alikuwamo Maurice Koechlin, ambaye baada ya miaka miwili katika kampuni ya reli aliajiriwa na Gustave Eiffel mwaka 1879. Tarehe 6 Juni 1884 Koechlin alichora mchoro wa kwanza wa mnara wa mita 300. Umbo lake lilifuata njia ya nguvu za upepo kama alivyozoeshwa kuzichora darasani Zurich. Jina la mnara lilikwenda kwa mwenye kampuni, jambo ambalo wanafunzi wa ofisi za usanifu hawakulishangaa wakati ule na hawalishangai sasa.

Kuziunganisha kambi hizo mbili kulianzia Glasgow. Vyuo vikuu vya Scotland vilifundisha majira ya baridi tu, hivyo mwanafunzi alibaki na miezi mirefu ya kiangazi ambayo angeweza kuitumia katika viwanda vya meli na vya chuma vilivyojaa kando ya mto Clyde. Profesa William Rankine aliuona utaratibu huo kuwa ndio njia sahihi ya kumfunza mhandisi. Mwanafunzi wake Henry Dyer aliupeleka mbali zaidi. Mwaka 1873, akiwa kijana wa miaka 24, Dyer aliwasili Tokyo kuongoza Chuo cha Kifalme cha Uhandisi kilichoanzishwa na serikali ya Meiji, akapanga masomo ya miaka sita: miwili ya maandalizi, miwili ya sayansi na uhandisi, na miwili ya mwisho ya kazi yenyewe katika karakana na miradi ya serikali. Huko Ulaya haikuwa kawaida kumpa mwanafunzi miaka miwili kamili nje ya darasa na bado kuihesabu kuwa sehemu ya shahada. Japani ilithubutu kwa kuwa haikuwa na mabwana wa kulinda ada zao.

Chuo hicho pia kilimdai mwanafunzi tasnifu juu ya kazi halisi. Mfano uliopata sifa kubwa haukuhusu chuma, lakini unaonyesha nguvu ya utaratibu wenyewe. Tanabe Sakuro aliandika mwaka 1883 kuhusu mfereji wa kuyaleta maji ya ziwa Biwa hadi mji wa Kyoto. Aliumia mkono wa kulia wakati wa upimaji, akachora kwa mkono wa kushoto. Gavana wa Kyoto, aliyekuwa akitafuta mtu wa kuutekeleza mpango huohuo, alimwajiri kijana huyo wa miaka 21 mara tu alipohitimu, na mfereji ukakamilika mwaka 1890.

Aliyehitimu pamoja naye mwaka huo, Watanabe Kaichi, alikwenda Glasgow kuongeza masomo, kisha akaingia katika ofisi ya Fowler na Baker wakati daraja la Forth likijengwa. Daraja hilo lilikuwa jaribio kubwa. Uingereza ilikuwa imeruhusu feleji itumike katika madaraja mwaka 1877 tu, daraja la Tay lilikuwa limeanguka na treni usiku wa tarehe 28 Desemba 1879, na sasa Baker alitaka kuvuka nafasi mbili za mita 521 kila moja kwa zaidi ya tani 50,000 za chuma. Mwaka 1887, katika mhadhara London, alitumia watu kuwaonyesha wasikilizaji namna mzigo unavyokwenda: wanaume wawili walikaa vitini wakiwa wamenyoosha mikono na kushika magongo, na katikati yao, juu ya ubao ulioning'inia, akakaa Watanabe. Mikono ilivutwa, magongo yakakandamizwa, na mtu wa katikati akabebwa bila nguzo chini yake. Picha ya onyesho hilo bado inachapishwa katika vitabu vya miundo. Aliyekaa katikati alikuwa mhandisi kijana aliyepitia mfumo wa Dyer, na aliyemketisha hapo hakuwa na shahada.

Marekani ilifuata njia ya haraka zaidi. Makampuni ya madaraja ya Pennsylvania yalitengeneza vipande kwa vipimo vya kawaida, yakavipakia melini na kutuma kikosi kidogo kwenda kuviunga popote duniani. Afrika Mashariki iliuona utaratibu huo mapema. Reli ya Uganda ilipofika kwenye mabonde ya ukingo wa Mau, madaraja 27 ya chuma yalipewa American Bridge Company, na mwaka 1901 aliyesimamia uunganishaji wake alikuwa A. B. Lueder, kijana aliyetoka Chuo Kikuu cha Cornell muda mfupi kabla ya hapo. Mwingereza wa rika lake, wakati huo, angekuwa bado ananakili ramani za bwana wake.

Lakini haraka hiyo ilikuwa na bei yake, na bei ilijulikana huko Quebec. Daraja la huko lilikuwa linavuka mto Saint Lawrence kwa mtindo wa Forth, na mshauri wake mkuu, Theodore Cooper, alikuwa mzee aliyebaki New York kwa sababu ya afya. Macho yake katika eneo la kazi yalikuwa Norman McLure, mhandisi kijana mhitimu wa Princeton. Mwezi Agosti 1907 McLure alipima mabamba ya vipande vya chini vya mkono wa kusini na kukuta yamepinda, na kila alipoyapima tena yalikuwa yamepinda zaidi. Hakuwa na mamlaka ya kusimamisha kazi. Alipanda treni kwenda New York kumwonyesha Cooper vipimo vyake. Jioni ya tarehe 29 Agosti, siku ileile waliyoonana, daraja lilianguka na kuua watu 75. Tume ya uchunguzi ilikuta kwamba uzito halisi wa chuma ulizidi ule uliokadiriwa, na kwamba hesabu hazikurudiwa ipasavyo. Miongoni mwa waliosaidia uchunguzi wa kitaalamu uliofanywa na C. C. Schneider alikuwamo kijana kutoka Zurich, Othmar Ammann, ambaye baadaye alisanifu daraja la George Washington, lililofunguliwa mwaka 1931. Mafunzo ya ofisini aliyoyapata kwa kupekua mabaki ya kazi ya wengine hayakuwa na mpinzani.

Mwaka mmoja kabla ya ajali hiyo, mtu mwingine mwenye jina la Schneider, Herman, alikuwa ameanzisha Cincinnati jambo lililogeuka kuwa mfano wa dunia. Wanafunzi 27 wa uhandisi wa mitambo, umeme na kemia waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilikaa darasani wiki moja huku jingine likifanya kazi ya mshahara kiwandani, kisha yakabadilishana. Uhandisi wa ujenzi uliingia baadaye. Tofauti na uanagenzi wa Kiingereza ilikuwa pesa: hapa mwanafunzi alilipwa badala ya kulipa, na mtoto wa fundi akapata mlango wa taaluma. Wenye viwanda walinung'unika kwamba mwanafunzi huondoka kabla hajawa na faida, lawama ambayo haijakoma hadi leo.

Tasnifu nayo ilipata makao mapya katika maabara. Chuo Kikuu cha Lehigh, kilicho jirani na viwanda vya Bethlehem Steel, kilipata maabara ya Fritz kwa fedha za John Fritz, mtu wa viwanda vya chuma, mwanzoni mwa karne ya 20. Huko wanafunzi wa shahada za juu walizikandamiza nguzo za ukubwa kamili mpaka zikapinda, wakajifunza kwamba boriti inayotoka moto kiwandani hupoa isivyo sawa na kubaki na mikazo iliyojificha hata kabla ya kubebeshwa kitu. Nako Uingereza, John Baker, asiye na undugu na Benjamin, alikuwa amefanya kazi na kamati ya utafiti wa miundo ya chuma iliyoundwa mwaka 1929. Kamati ilipopima majengo halisi, iligundua kwamba mikazo ndani ya fremu haifanani hata kidogo na ile iliyoandikwa katika daftari za wasanifu. Baker aliacha kuitafuta mikazo hiyo na kuuliza swali jingine: fremu itaanguka ikibebeshwa mzigo kiasi gani? Chuma laini hunyumbuka kabla ya kukatika, na muundo huweza kuugawa mzigo upya hadi viungo vya kutosha vimelegea. Huko Cambridge, baada ya vita, wanafunzi wake wa shahada ya uzamivu, mmojawapo Jacques Heyman, waliigeuza fikra hiyo kuwa njia ya usanifu, na kanuni za Uingereza zikaiingiza mwaka 1948. Ni nadra tasnifu za vijana kuingia katika kanuni za nchi kwa kasi kama hiyo.

Hata hivyo, maabara hubaki maabara. Mahali ambapo tasnifu ya mwanafunzi iliishika kazi ya ofisini moja kwa moja ni Chicago. Taasisi ya Teknolojia ya Illinois, ambayo idara yake ya usanifu majengo iliongozwa na Ludwig Mies van der Rohe kwa miaka 20, iliwapa wanafunzi wa uzamili walimu ambao asubuhi walikuwa wasanifu katika kampuni ya Skidmore, Owings & Merrill. Mmoja alikuwa Myron Goldsmith, ambaye katika tasnifu yake ya mwaka 1953 alieleza kwamba kila mfumo wa muundo una kimo unachofaa, na ukivukwa lazima ubadilishwe mfumo, si unene wa vipande. Mwingine alikuwa Fazlur Khan, mzaliwa wa Dhaka, aliyefika Chuo Kikuu cha Illinois mwaka 1952 kwa ufadhili na kumaliza shahada ya uzamivu mwaka 1955.

Tatizo lililowashughulisha linaelezeka kwa ufupi. Fremu ya kawaida ya boriti na nguzo hupambana na upepo kwa kupinda. Ghorofa zikiwa chache, kupinda huko si kitu. Zikizidi thelathini hivi, chuma kinachotumika kuzuia upepo pekee huanza kushindana na kile kinachobeba watu na sakafu. Mwaka 1964 mwanafunzi wa Kijapani, Mikio Sasaki, aliwasilisha tasnifu chini ya usimamizi wa Goldsmith na Khan kuhusu jengo refu ambalo kuta zake za nje zina vihimili vya mshazari vinavyokatiza ghorofa nyingi kwa mara moja. Vihimili hivyo huzifunga nguzo za pande zote nne na kulifanya jengo lote kuwa bomba moja, na upepo ukageuka kuwa mvuto na mkandamizo ndani ya nguzo badala ya kuzipinda. Wakati huohuo Khan na msanifu majengo Bruce Graham walikuwa na mteja aliyetaka jengo refu la ofisi na makazi. John Hancock Center, lenye ghorofa 100 na kimo cha mita 344, lilikamilika mwaka 1969 likiwa na misalaba hiyo waziwazi usoni. Lilitumia takriban kilo 145 za chuma kwa kila mita ya mraba ya sakafu, wakati Empire State Building, lililojengwa miaka karibu 40 kabla yake, lilitumia kama kilo 206. Fikra za jengo haziwezi kuhesabiwa kuwa za mwanafunzi peke yake, maana walimu wake walikuwa wakizizungusha kichwani kwa miaka. Ila katika tasnifu ziliweza kujaribiwa kwa urefu wa mwaka mzima, bila mteja anayesubiri mlangoni na bila bili ya saa za kazi.

Kisa cha pili kinaenda kinyume chake, na kimekuwa mashuhuri zaidi. Citicorp Center ya New York ilikamilika mwaka 1977 ikiwa na ghorofa 59. Kwa kuwa kanisa la Kilutheri lilimiliki kona ya kiwanja na lilitaka kubaki hapohapo, mhandisi William LeMessurier aliliweka jengo juu ya nguzo nne zenye kimo cha ghorofa tisa, akazisimamisha katikati ya pande badala ya kwenye pembe, na kuupitisha mzigo kwa vihimili vyenye umbo la V. Mwaka 1978 Diane Hartley, mwanafunzi wa shahada ya kwanza Princeton chini ya David Billington, aliandika tasnifu kuhusu jengo hilo. Ofisi ya mhandisi ilimpa michoro na hesabu. Alipokokotoa upepo unaolipiga jengo kwa mshazari, yaani kwenye pembe, alipata nguvu kubwa kuliko za upepo wa usoni, na hesabu hizo hakuziona katika karatasi alizopewa. Aliuliza, akahakikishiwa kwamba jengo ni imara, akaendelea na maisha.

Kwa simulizi ya LeMessurier mwenyewe, swali la mwanafunzi mmoja kwa simu ndilo lililomfanya airudie hesabu. Aligundua pia kwamba viungo alivyovisanifu vichomelewe vilikuwa vimefungwa kwa bolti ili kupunguza gharama. Kwa upepo wa pembe, nguvu katika baadhi ya vihimili iliongezeka kwa asilimia 40, na katika viungo kwa asilimia 160. Kuanzia Agosti 1978 mafundi waliingia jengoni usiku na kuchomelea mabamba ya chuma juu ya viungo zaidi ya 200, na waliolala jirani hawakuambiwa lolote. Siri ilifichuka mwaka 1995 katika makala ya jarida la The New Yorker, na Hartley akajua baadaye tu kwamba swali lake huenda lilikuwa mwanzo wa yote. Mwanaume mmoja aliyekuwa mwanafunzi New Jersey wakati huo naye alijitokeza baadaye na kusema kwamba ndiye aliyepiga simu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 na wataalamu wa taasisi ya viwango ya Marekani ulitia shaka iwapo upepo wa pembe ulikuwa mbaya kuliko wa usoni kweli. Shaka hiyo haigusi thamani ya tasnifu yenyewe: mwanafunzi alikuwa na michoro halisi mikononi, muda wa kuikokotoa kutoka mwanzo, na ujinga wa kutosha kutokujua ni maswali gani wakubwa wameshayaona kuwa yamefungwa. McLure, mhitimu wa Princeton kama Hartley, alikuwa na vipimo sahihi mwaka 1907 bila mtu wa kumsikiliza kwa wakati.

Ulaya bara imeuweka uhusiano wa tasnifu na ofisi katika mkataba. Katika vyuo vya Ufini na Ujerumani ni kawaida tasnifu ya uhandisi kuandikwa ndani ya kampuni: kampuni hutoa mada, kwa mfano uchovu wa kiungo kilichochomelewa au nguzo chini ya moto, humlipa mwanafunzi kwa miezi kadhaa, na profesa huhukumu ubora. Mwanafunzi hupata data ambayo chuo hakina. Kampuni hupata utafiti wa bei nafuu na mwajiriwa ambaye imeshamjaribu. Kasoro yake ni kwamba kampuni haitoi mada ambayo jibu lake linaweza kuiaibisha.

Katika Afrika Mashariki ofisi ya michoro ilitangulia chuo kikuu kwa miongo mingi, na kwa muda mrefu Waafrika waliokuwamo walikuwa wachoraji na mafundi. Chuo cha Ufundi cha Kifalme cha Nairobi kilipokea wanafunzi mwaka 1956, na vijana wa nchi zote tatu walisomea uhandisi huko au ng'ambo. Kitivo cha Uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifunguliwa mwaka 1973 kwa msaada wa Ujerumani Magharibi, na walioupanga mtaala walitaka mhandisi asiyeogopa karakana. Kila mwaka wa masomo isipokuwa wa mwisho ulifuatwa na wiki nane za mafunzo kwa vitendo, na mwaka wa nne ukafungwa kwa mradi wa kuandikwa na kutetewa. Mwanafunzi aliyebahatika alipelekwa kwenye karakana ya kenchi za maghala, ambako alikuta michoro ikisomwa na fundi mchomeleaji asiye na cheti ila mwenye miaka 20 ya kazi. Asiyebahatika alikwenda ofisi ya serikali kupanga mafaili. Hesabu za mradi zilifuata kanuni za Uingereza, BS 449 na baadaye BS 5950, nazo ziliendelea kufundishwa hata baada ya Waingereza wenyewe kuziondoa mwaka 2010 na kuhamia kanuni za pamoja za Ulaya.

Wiki hizo hazikutosha. Mwaka 2003 Bodi ya Usajili wa Wahandisi ya Tanzania ilianzisha mpango wa mafunzo kwa wahitimu: miaka mitatu katika ofisi na maeneo ya ujenzi chini ya mhandisi mwandamizi, huku kazi zikiandikwa na kukaguliwa, kabla ya mhitimu kuruhusiwa kusajiliwa kama mhandisi mtaalamu. Muda huo unakaribiana na ule ambao mwanagenzi wa London aliukaa katika ofisi ya bwana wake miaka 150 iliyopita, ila mhitimu wa Dar es Salaam hupewa posho badala ya baba yake kutoa ada, na analeta tasnifu aliyokwisha kuitetea.